Dosari katika sauti iliyowafungulia majasusi simu nzima

DOSARI iliyosajiliwa kwa nambari CVE-2023-0266 ilikuwa katika ALSA, sehemu ya Linux inayoshughulikia sauti. Kwa kuwa Linux ndiyo kiini cha mfumo wa Android, kosa hilo liliingia pia katika simu za mkononi.

Kila programu inayofanya kazi hutengewa nafasi katika kumbukumbu ya simu. Kazi inapokwisha, nafasi hiyo huachiliwa ili itumiwe kwa jambo jingine. Ni kama chumba cha gesti: mgeni anapoondoka, sharti arudishe ufunguo. Akienda nao, anaweza kurejea na kupekua mizigo ya mgeni mpya. Hatari kama hiyo huzuka mfumo unapoendelea kutumia nafasi ambayo imekwisha kuachiliwa.

Ili kuizuia, waandishi wa programu huweka kufuli, yaani amri inayohakikisha kwamba kazi mbili hazigusi kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mnamo 2017, kufuli mojawapo ya ALSA ilihamishwa. Njia ya programu za biti 64 iliwekewa kufuli hiyo mahali papya, lakini ile ya programu za biti 32 ikasahauliwa. Mlango huo ulibaki wazi kwa zaidi ya miaka mitano.

Mnamo Desemba 2022, wachunguzi wa kampuni ya Google waligundua kwamba dosari hiyo ilikuwa ikitumiwa kuwapeleleza watu katika Muungano wa Falme za Kiarabu. Walengwa walitumiwa ujumbe mfupi wenye kiungo kinachofunguka mara moja tu.

Dosari ya sauti haikutosha peke yake. Kasoro katika kivinjari cha simu za Samsung ziliwapa wavamizi nafasi ya kuingia, na kasoro nyinginezo zikawaongezea mamlaka. Hatimaye ALSA iliwawezesha kusoma na kuandika ndani ya kiini cha mfumo. Programu ya ujasusi iliyopachikwa baadaye iliweza kunasa mazungumzo ya faragha na habari za kivinjari.

Tiba ilikuwa ndogo kuliko madhara: kurejesha kufuli iliyosahauliwa. Ilitolewa katika Linux mnamo Januari 2023. Machi mwaka huo, shirika la Marekani la usalama wa mitandao, CISA, liliiweka dosari hiyo katika orodha ya zile zinazotumiwa na wavamizi.

Hata hivyo, tiba ya Linux haifiki katika simu papo hapo. Sharti mtengenezaji aiandae kwa kila aina ya simu, kisha mwenye simu akubali kuipakua. Tarehe ya sasisho la mwisho la usalama huonyeshwa katika mipangilio ya Android. Simu ambayo haikupata sasisho tangu kabla ya 2023 huenda ingali na mlango ule wazi, hata kama sauti yake inasikika vizuri.