Panya Walitangulia Kuugua

Mwaka 1977, katika kiwanda cha dawa za mashambani huko Lathrop, California, wanaume waliokuwa wakitengeneza dawa iitwayo DBCP walianza kuulizana mbona hawapati watoto. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu za kiume chache mno, na baadhi hawakuwa nazo kabisa. Dawa hiyo iliua minyoo wanaoshambulia mizizi ya migomba na mananasi, na ilikuwa sokoni tangu miaka ya 1950. Kinachouma ni kwamba mwaka 1961 watafiti walioipima kwa ajili ya kampuni za Dow na Shell walikwisha kuchapisha kwamba panya waliovuta mvuke wake walinywea korodani. Ilipita miaka 16, na kazi ikaendelea. Marekani ilipoipiga marufuku mwaka 1979, mananasi ya Hawaii yaliruhusiwa kuendelea nayo hadi 1985, na vibarua wa mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati waliachwa wahangaike mahakamani kwa miongo.

Chembechembe za plastiki leo ziko pale DBCP ilipokuwa mwaka 1961. Panya wa maabara waliolishwa chembe hizo wameonyesha kupungukiwa mbegu. Mwaka 2021 watafiti wa Italia walizikuta kwenye kondo la nyuma la wanawake 4 kati ya 6, na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha New Mexico kilizikuta katika korodani zote kilizopima, za wanaume 23 na mbwa 47. Kwa mbwa, palipozidi plastiki ya PVC, mbegu zilipungua. Za wanaume hazikuweza kuhesabiwa, kwa kuwa sampuli zilikuwa zimehifadhiwa kwa kemikali.

Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba panya hupewa kipimo kikubwa kupita kiasi, kwamba vumbi la plastiki la maabara lenyewe huchafua sampuli, na kwamba kukutwa mwilini si kudhuru. Nakubali kwamba ushahidi wa ugumba wa binadamu haujakamilika. Lakini Lathrop ushahidi ulikamilika kwa sababu madhara yalikusanyika chini ya paa moja, na walikuwepo wanaume wasiogusa dawa wa kulinganishwa nao. Plastiki imo katika maji, chumvi na hewa ya kila mtu. Asiyeguswa nayo hayupo, kwa hiyo uthibitisho wa namna ile huenda usipatikane kamwe, hata kama madhara yapo. Ndiyo maana matokeo ya panya na mbwa yanatosha kuwabana watengenezaji wa vyombo vya plastiki vya chakula sasa, na mzigo wa kuthibitisha usalama uwe wao.