Hattie McDaniel na Suala la Mhusika Bapa

Wahakiki wa riwaya na tamthilia wamezoea kuwagawa wahusika katika makundi mawili: wahusika bapa na wahusika duara. Mgawanyo huo, uliotolewa na E.M. Forster mwaka wa 1927, aghalabu humchukulia mhusika bapa kuwa zao la uamuzi wa kisanaa wa mtunzi. Unapotumiwa katika uhakiki wa filamu, hata hivyo, huweza kulifunika swali la kihistoria: ni nani aliyeamua kwamba watu wa aina fulani wawe bapa daima? Maisha ya Hattie McDaniel, mwigizaji Mmarekani Mweusi aliyependwa na watazamaji wengi na kulaumiwa na baadhi ya watu wake, yanatoa mwanga juu ya swali hilo.

McDaniel alizaliwa Wichita, Kansas, katika muongo wa 1890 na kukulia Denver, Colorado. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani, na babake alikuwa askari wa majeshi ya Muungano katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861-1865. Kabla ya kuingia katika filamu alizunguka na vikundi vya maonyesho ya jukwaani, akaimba redioni na kurekodi nyimbo za bluzi. Uchumi ulipoporomoka mwaka wa 1929, alijikuta Milwaukee akihudumu msalani katika klabu ya usiku kabla ya kuruhusiwa kupanda jukwaani. Alipohamia Los Angeles mwaka wa 1931 alifanya kazi za nyumbani kila uigizaji ulipokosekana. Kwa hiyo, utumishi alioigiza baadaye haukuwa kwake jambo la kubuni tu.

Sehemu alizopewa Hollywood zilikuwa karibu zote za watumishi. Hata hivyo, haikosi kuonekana namna alivyozitumia. Katika Alice Adams (1935) anaigiza Malena, mtumishi aliyekodiwa kwa jioni moja ili familia yenye kipato kidogo ionekane tajiri mbele ya mgeni. Kwa maneno machache na mwendo wa kukokota, anaivua familia hiyo kiburi chake. Kicheko cha mtazamaji hakimwangukii mtumishi peke yake. Kinawageukia pia waajiri.

Kilele cha kazi yake ni Gone with the Wind (1939), filamu iliyotokana na riwaya ya Margaret Mitchell. Humo utumwa umechorwa kama mpango wa heri, na Mammy, mjakazi na yaya wa akina O'Hara, hapewi jina la ukoo, mume wala mtoto. Lakini katika onyesho la ngazini, anapopanda pamoja na Melanie, Mammy anakuwa msimulizi. Ugomvi wa Rhett na Scarlett baada ya kifo cha binti yao hauonyeshwi. Mtazamaji anaupata kupitia sauti ya McDaniel, iliyojaa machozi. Kwa muda huo mfupi uzito wote wa hadithi unamwelemea mhusika msaidizi. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba msiba anaousimulia ni wa mabwana zake. Hapo ndipo uwezo wa mwigizaji na mpaka wa matini vinapokutana.

Mpaka huo haukuwa wa matini pekee. Filamu ilipozinduliwa Atlanta mnamo Desemba 1939, McDaniel hakuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliotawala Georgia. Mnamo tarehe 29 Februari 1940 alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Usiku huo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, katika hoteli iliyohitaji kuombwa idhini maalumu ili aingie.

Walter White, katibu wa NAACP, alizishinikiza studio mwaka wa 1942 ziache kuwaonyesha watu Weusi kama watumishi na vichekesho. Lalamiko lake lilikuwa la haki, lakini waigizaji waliotegemea sehemu hizo waliona riziki yao imo hatarini. Pande zote mbili zilikuwa zikikabiliana na mfumo uleule. Ushahidi wa jambo hili ni mhusika Beulah, mtumishi wa kike Mweusi wa mchezo wa redio, ambaye mwanzoni aliigizwa na Marlin Hurt, mwanamume Mzungu. McDaniel alichukua sehemu hiyo mwaka wa 1947. Basi ubapa wa Beulah ulikuwapo kabla ya mwanamke Mweusi yeyote kumpa sauti. Hauwezi kuwa kosa la mwigizaji.

Nje ya studio McDaniel hakuwa Mammy. Majirani Wazungu walipofungua kesi kutaka wakazi Weusi wafukuzwe katika mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles, alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa, wakitetewa na wakili Loren Miller. Walishinda mwaka wa 1945, miaka mitatu kabla ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza mikataba ya kibaguzi ya nyumba.

McDaniel alifariki tarehe 26 Oktoba 1952. Makaburi ya Hollywood aliyotaka kuzikwa yalimkataa. Mnara wa kumbukumbu ulisimamishwa hapo mwaka wa 1999. Tuzo yake, aliyoiachia Chuo Kikuu cha Howard, ilipotea, na nyingine ilitolewa mwaka wa 2023. Mwanamke Mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji, Whoopi Goldberg, aliipokea mwaka wa 1991.

Historia hii inaonyesha kwamba mwigizaji anaweza kumpa mhusika bapa pumzi, kejeli na huzuni, lakini hawezi peke yake kumpa maisha ambayo mtunzi, studio na sheria vimemnyima. Uhakiki unaomhukumu McDaniel kwa Mammy unarudia kosa la waliomwandika Mammy: unamwona mtumishi, haumwoni msanii.