Peugeot Ilipokuwa Gari la Familia

Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano ya East African Safari, na saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ukaenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell, nao wakiwa ndani ya 404. Mwaka 1968 Nowicki akaurudia ushindi wake kwa gari la aina ileile. Mwalimu au karani aliyesimama kando ya barabara akaliona gari hilo likipita limejaa tope hakuhitaji tangazo jingine. Safari hizo zilikwenda kwa mwendo ambao gari la nyumbani halitauona kamwe, lakini tope lilikuwa lile lile la kwenda kijijini Krismasi.

Kwa hiyo 404, iliyotoka mwaka 1960, na 504 iliyoifuata mwaka 1968, zikawa gari la daktari wa wilaya, la mkuu wa shule na la ofisi za serikali. Miaka ilipopita zikauzwa mkono wa pili na wa tatu kwa familia za kawaida. Hapo ndipo historia yake ya kweli inapoanza, kwa sababu mwenye gari lililotumika hununua pia kila kilichochoka ndani yake.

Ugonjwa uliojulikana zaidi ulikuwa kuchemsha. Feni ya 404 haikuzunguka wakati wote. Ilishikwa kwa sumaku ya umeme pale injini ilipopata joto, na umeme huo ulipita kwenye kipande kidogo cha kaboni kilicholika kadiri gari lilivyotembea. Kaboni ikiisha, feni inalala, maji yanachemka, na hedi ya aluminiamu inapinda kabla dereva hajaona mvuke. Kitu kidogo kabisa kilileta bili ya gasketi, ya mchongaji wa kusawazisha hedi, na ya siku kadhaa bila gari. Fundi mzoefu alijua njia ya mkato: kukaza skrubu za feni ili ishikamane na puli na kuzunguka muda wote. Gari lilikula petroli zaidi kidogo, lakini likafika.

Injini ikichoka kabisa, Peugeot ilikuwa na jambo moja la heri. Slivu zake zilichomoka. Injini nyingi za wakati ule zilihitaji bloku ipelekwe kwenye mashine kuchongwa upya, lakini hapa fundi alitoa slivu nne na pistoni zake, akaweka mpya pamoja na sili zake za chini, akafunga. Overholi iliwezekana chini ya mwembe, mbali na mji wenye mashine kubwa.

Klachi ilikuwa kinyume chake. Propela shafti ya magari haya ilifungwa ndani ya bomba lililoungana na difu, hivyo ili kuitoa giaboksi ilibidi sehemu ya nyuma ya gari ifunguliwe na kusogezwa. Sahani ya klachi yenyewe si kitu kikubwa, ila kazi ya kuifikia iliwamaliza fundi na wanagenzi wake. Mzungu wa Ulaya, ambaye saa moja ya fundi inamgharimu pesa nyingi, angeona heri aliuze gari. Mombasa au Mwanza hesabu iligeuka: jasho lilikuwa rahisi, spea ndiyo ilikuwa ghali. Gari lililodai muda mwingi wa fundi na vipuri vichache liliifaa Afrika Mashariki vizuri ajabu, na hilo linaeleza maisha yake marefu kuliko sifa za uimara zinazotajwa kila mara. Ufaransa iliacha kuiunda saluni ya 504 mwaka 1983. Mombasa iliendelea kuiunganisha miaka mingi baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 spea hizo chache nazo zilikosekana Tanzania. Fedha za kigeni zilikauka baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta. Bushi zilichongwa kienyeji, gasketi zilikatwa kwa mkono, na gari moja bovu liliyalisha mengine matatu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka ya Kariakoo yakaanza kujaa tena.

Kisha ikaja Japani. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huwafanya wengi wauze mapema. Usukani upo kulia, kama kwetu. Toyota Corolla zilizotumika zikashuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa, na Kenya ikaweka kikomo cha umri wa miaka minane. Pamoja nazo zikaja injini nzima zilizong'olewa. Fundi wa Grogan, Nairobi, au wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyekuwa akifanya overholi alianza kumshauri mteja abadilishe injini yote: inafungwa haraka, na mara nyingi ni nafuu kuliko kununua pistoni, ringi na beringi mpya. Ujuzi wa kufufua injini ulipungukiwa soko hapo, jambo la kusikitisha kwa yeyote aliyewahi kumtazama fundi mzuri akipanga slivu.

Hata hivyo kosa moja, la kuweka oili isiyo sahihi, limevuka vizazi vyote viwili vya magari. Difu ya 404 ilikuwa na gurudumu la shaba lililohitaji oili maalumu yenye asili ya mafuta ya mbarika. Ukiweka oili ya kawaida, shaba inalika. Corolla Axio ya mwaka 2006 inakuja na giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ambayo nayo ina oili yake. Mwenye gari akiwekewa ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwa sababu ni rahisi, giaboksi huanza kuteleza na kuvuma. Hapo ananunua nyingine nzima, iliyotumika, ambayo muuzaji mwenyewe hajui imetembea kilomita ngapi.