Kichwa cha Udongo cha Luzira

Katika toleo hili la kumbukumbu wengi wameandika juu ya safari yetu na juu ya wale tuliowazika njiani. Sisi tuliopewa ukurasa wa historia tumeona turudi nyuma zaidi, hadi kwenye kitu kidogo cha udongo kilichofukuliwa nchini Uganda.

Mwaka 1929 wafungwa walikuwa wakichimba kwenye kilima cha Luzira, karibu na Kampala na Ziwa Viktoria, palipojengwa gereza. Humo ardhini vilitokea vyungu vilivyovunjika, na pamoja navyo vipande vya sanamu ya mtu: kichwa na sehemu za mwili, vyote vya udongo uliochomwa. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni, alivishughulikia, na mwaka 1931 vikaingia British Museum, London. Tuliposoma habari hizi hatukuona jina la mfungwa hata mmoja. Sisi tunaoitwa kwa namba ya kadi ya posho tuliliona pengo hilo upesi.

Kwa miaka mingi kichwa kile kilikuwa kama mtoto aliyepotezana na wazazi. Sura anayo, lakini kwao hakujulikani. Kilitolewa ardhini na watu wa kazi ya ujenzi, si kwa uchimbaji wa kitaalamu ambao hupima kina na kuandika kipi kililala juu ya kipi. Mtaalamu wa mambo ya kale haanzi na uzuri wa sanamu. Anaanza na udongo ulioizunguka, mkaa, mifupa, na vigae ambavyo mtu mwingine angevipiga teke.

Na kweli jibu lilitoka kwenye vigae. Mwaka 2008 wataalamu Andrew Reid na Ceri Ashley walichapisha uchunguzi uliolinganisha vitu vya Luzira na vyungu vilivyochimbuliwa kwa utaratibu kaskazini mwa ziwa. Walivilinganisha kwa udongo na mapambo, wakaona sanamu ile ina umri wa miaka kama 1000, yaani ni ya kabla ya falme kubwa za eneo hilo.

Ufinyanzi huo unatokana na ule wa zamani zaidi uitwao Urewe, jina la mahali magharibi mwa Kenya. Vyungu vya Urewe vimepatikana pia Rwanda, Burundi, Kivu na Kagera. Vingi vina kishimo kwenye kitako, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kukianika. (Mama mmoja mfinyanzi wa kambini alipoelezwa habari hiyo alicheka, akasema kazi hiyo ni ya mtu asiyetaka chungu chake kichanganywe na cha jirani.)

Tunaandika haya kwa sababu mwezi uliopita vijana waliokuwa wakichimba mashimo ya vyoo walituletea vigae ndani ya ndoo. Vipo ofisini kwa Kamati. Vitu hivyo ni mali ya nchi iliyotupokea, na tutavikabidhi kwa serikali. Lakini bila kujua vilitoka shimo lipi na kina gani, tutakabidhi ndoo ya vigae tu. Tunawaomba ndugu zetu wa mashirika wasiruhusu shimo hilo kujengewa kwanza. Na kijana aliyechimba aje atuonyeshe mahali. Jina lake tutaliandika.