Daftari za Karafuu

Mkarafuu hauna mavuno yaliyo sawa kila mwaka. Msimu mmoja matawi ya Pemba hulemewa na matumba, kisha hufuata misimu ambayo mkulima huambulia pishi chache tu. Anayetaka kuuelewa mwendo huo aanzie forodhani. Kwa kuwa karibu karafuu zote ziliuzwa nje na kutozwa ushuru, makarani wa Zanzibar waliandika uzito wake katika daftari mwaka baada ya mwaka. Bila kukusudia, wakawa wanaifanya kazi ya wataalamu wa mimea.

Wapo watakaosema daftari hizo zinapima biashara, si mti. Hoja hiyo ina uzito: magendo yalipitisha karafuu gizani, bei ikishuka wachumaji hawapandi mitini, na tumba lisilochumwa kabla ya kuchanua huwa tunda lenye mbegu ambalo halifiki kwenye mizani. Hata hivyo, upungufu huo hauwezi kuficha mambo makubwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa salama zaidi; mche huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo pengo halikuzibika upesi, na Pemba ikashika uongozi ambao haijaupoteza. Jambo kama hilo halionekani kwa kuhesabu misimu miwili au mitatu. Ndiyo maana daftari hizo zinastahili kutunzwa na kusomwa sambamba na hesabu mpya zinazorudiwa kwenye mikarafuu ileile iliyowekwa alama, tawi kwa tawi.