Fundi Aliyeitwa Simba

Gari lililobeba namba 1 kwenye mashindano ya magari ya Safari, Pasaka ya mwaka 1965, lilikuwa la mtumba. Lilikuwa Volvo PV544, lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Umbo lake lilichorwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kiwanda chenyewe kule Sweden kiliacha kulitengeneza kabla mwaka huo haujakwisha. Mwaka mmoja nyuma Volvo walikuwa wameleta timu yao Afrika Mashariki, wakashindwa, wakarudi kwao na kuyaacha magari Kenya. Moja likaangukia mikononi mwa ndugu wawili wa Nairobi, Joginder Singh na Jaswant Singh, nao wakaliingiza gereji.

Pasaka ilipokwisha, gari lile lile lilikuwa limerudi Nairobi likiwa la kwanza. Lililoshika nafasi ya pili lilikuwa nyuma kwa dakika 100. Katika mashindano ambayo kila dakika huhesabiwa, saa moja na dakika arobaini ni kama kusema hapakuwa na wa pili.

Joginder alizaliwa Kericho, kwenye vilima vya chai, tarehe 9 Februari 1932. Baba yake alitoka Punjab na kuingia Kenya miaka ya ishirini. Alikuwa ametanguliwa na wengi. Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kuanzia 1896, walileta Wahindi zaidi ya elfu thelathini, na miongoni mwao Masingasinga walijulikana kwa kazi za mikono: wahunzi, maseremala, waashi, mafundi wa mitambo. Reli ilipokamilika wengi walirudi kwao, lakini waliobaki, na waliowafuata baadaye, walifungua karakana katika kila mji uliochipuka kando ya njia ile. Ndiyo maana mpaka leo mwenyeji wa nchi hizi akisikia neno Kalasinga, kinachomjia kwanza akilini ni fundi. Msafiri wa barabara ya Mombasa anayesimama Makindu na kupewa chakula cha bure katika hekalu la Masingasinga anakula matunda ya historia hiyo hiyo, kwa maana hekalu lile lilianzishwa na watu wa reli.

Baba yake Joginder alikuwa na gereji Nairobi, na kijana alikulia humo kati ya jeki, spana na mafuta machafu. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa mtu wao wa kwanza wa doria. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafuata walioharibikiwa na magari njiani na kuyafufua pale pale yaliposimama.

Naomba msomaji aishike kazi hiyo akilini, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Mtu wa doria halikuti gari likiwa zima. Kila siku analiona mahali liliposhindwa: springi iliyokatika kwenye mtaro, tangi lililotobolewa na jiwe, klachi iliyoungua kwa kulazimishwa kupanda mlima, rejeta iliyokauka. Kwa miaka kadhaa Joginder alisomeshwa na barabara zenyewe jinsi zinavyoua gari. Alipoanza kushindana, mwaka 1958, alikuwa na umri wa miaka 26, na kwa dereva wa mashindano huko ni kuanza kwa kuchelewa. Lakini masomo alikuwa ameshayamaliza.

Mashindano aliyoyaingia yalikuwa na miaka michache tu. Yalianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Hayakufanana na mbio za magari za Ulaya. Barabara hazikufungwa. Dereva aliyekuwa akikimbizana na saa aliweza kukuta kundi la ng'ombe kwenye kona, au lori la mizigo, au basi limekwama katikati ya tope. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita, ikiendeshwa mchana na usiku, kutoka joto la pwani hadi baridi ya Mau, na kwenda mpaka vilima vya Mbulu ambavyo madereva waliviogopa kuliko sehemu nyingine nyingi. Watu wawili ndani ya gari: mmoja usukanini, mwenzake na ramani na saa. Kila kituo kilikuwa na muda wake wa kufika, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kuwa pointi ya adhabu. Mwenye pointi chache ndiye bingwa.

Halafu kulikuwa na mvua. Mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, na Pasaka huangukia kwenye masika. Anayeijua ardhi nyeusi ya mfinyanzi iliyoenea sehemu nyingi za Kenya hahitaji kuelezwa. Ikiwa kavu hutoa vumbi na nyufa. Ikilowa haikubali kuachia. Tope hujishindilia kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na dereva anayezidi kukanyaga mafuta kwa hasira huchimba kaburi la gari lake mwenyewe. Inabidi mtu ashuke, apige magoti, alichokonoe tope kwa mikono au kwa chuma, huku saa ikihesabu. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7.

Sasa turudi kwenye ile Volvo. Injini yake ilikuwa ya lita 1.8 tu. Sifa yake ilikuwa kwamba ilikaa juu kidogo kutoka ardhini na bodi yake ilikuwa ngumu. Namba 1 ubavuni nayo ilikuwa na maana yake. Magari yalikuwa yakiachiwa moja baada ya jingine kwa kufuata namba, kwa hiyo aliyetangulia aliikuta barabara kabla haijachimbwa na wenzake, na kwenye vumbi hakuwa na mtu wa kumfumba macho. Ilikuwa bahati, na Joginder aliitumia vizuri. Hata hivyo bahati ya namba haielezi dakika 100. Kinachozieleza ni kwamba ndugu wale wawili walilijua gari lao mpaka ndani.

Ushindi huo ulikuja miezi kumi na sita baada ya bendera ya Uingereza kuteremshwa Nairobi. Tangu 1953 mashindano haya yalikuwa yamenyakuliwa na Wazungu peke yao, wengi wao walowezi. Sasa bingwa alikuwa mtu mwenye kilemba, mzaliwa wa Kericho, mtoto wa gereji. Waingereza walimwita Kalasinga Arukaye, jina ambalo tayari alikuwa nalo Milkha Singh, mkimbiaji wa mita 400 wa India. Wakenya walikuwa na jina lao: Simba. Simba wa Kenya. Nalipenda la pili zaidi, na si kwa sababu ni la kwetu tu. La kwanza linamsifu kwa kasi, na kasi haikuwa siri yake. Simba hakimbii siku nzima. Huvizia, hutunza nguvu, na hujua ni wakati gani wa kuruka.

Miaka minane iliyofuata Joginder hakushinda. Mwaka 1966 na 1967 taji lilikwenda Tanzania, kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1970 na 1971 lilichukuliwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller kwa Datsun. Joginder alikuwemo kila Pasaka, akibadilisha magari na kumaliza karibu kila mara, huku mashindano yenyewe yakibadilika mbele ya macho yake. Viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimetambua kwamba gari likishinda Safari linauzika dunia nzima, na vikaanza kuleta madereva wao wakubwa, vipuri kwa shehena na ndege ndogo za kufuata njia kutoka juu. Kwa karibu miaka ishirini hakuna timu kutoka nje iliyowahi kushinda. Wenyeji waliijua nchi mno. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden walikivunja kizingiti hicho kwa Ford Escort. Wengi waliona zama za mafundi wa gereji za Nairobi zimekwisha.

Mwaka 1973, Safari ilipoingizwa katika ubingwa mpya wa dunia, taji lilirudi Afrika Mashariki kwa namna ambayo haijasahaulika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa miongoni mwa Waasia waliotimuliwa na Idi Amin, alimaliza sawasawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden. Baada ya maelfu ya kilomita hawakutofautiana hata kwa dakika moja. Ilibidi kanuni itafutwe ya kuwatenganisha, na ushindi akapewa Mehta.

Kisha ikaja Pasaka ya 1974. Joginder alikuwa na miaka 42. Gari lake lilikuwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, dogo, la kampuni ambayo haikuwa imewahi kushinda hata mara moja kwenye ubingwa wa dunia. Msoma ramani wake alikuwa David Doig. Mbele yao alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911, na Sandro Munari na Lancia. Ungempa mtu yeyote karatasi yenye majina na magari hayo matatu akisie bingwa, asingemtaja mzee wa Kericho. Mvua ilinyesha. Porsche lilikuwa na nguvu kuliko magari yote yaliyolizunguka, na Waldegård aliongoza mpaka gari lilipomharibikia. Lancer halikuharibika. Joginder akafika wa kwanza, Waldegård wa pili, Munari wa tatu.

Hapo ndipo ninapoiona kazi yake kwa uwazi kuliko hata 1965. Waldegård alikuwa dereva mkubwa, na baadaye, mwaka 1979, ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia kwa madereva wa mbio hizi. Kwa kasi alimzidi Joginder, naamini Joginder mwenyewe alilijua hilo. Lakini gari huzungumza kabla ya kuvunjika. Hubadilisha mlio, usukani huwa mzito kidogo upande mmoja, gia huingia kwa shingo upande, breki huzama nusu inchi kuliko jana. Dereva aliyelelewa kwenye viwanja vya mbio huweza kuyasikia hayo na kuyaachia mafundi wake kituo kinachofuata. Dereva aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva hujua kama kifaa kile kina kilomita 200 zilizobaki au 20, na hupunguza mguu ipasavyo.

Mwaka 1976 akarudia, na Doig na Lancer tena. Safari hii magari ya Mitsubishi yalishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Kati ya taji la kwanza na la tatu ilipita miaka 11, na kwa muda huo walikuwa wamekuja na kuondoka madereva ambao majina yao yalisikika Monte Carlo na kwingineko.

Rekodi yake haikudumu sana. Mehta, safari hii na Mike Doughty na magari ya Datsun, alishinda mfululizo 1979, 1980, 1981 na 1982, akafikisha mara tano. Mehta alifariki London mwaka 2006. Wapo wanaopenda kuwashindanisha wawili hawa, nani alikuwa mkubwa zaidi. Mimi nawaona kama watu wa nyumba moja. Wote wawili walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kihindi, katika nchi ambazo kuna nyakati ziliwaambia kwa maneno au kwa vitendo kwamba si kwao, na wote wawili walibeba majina ya nchi hizo duniani mahali ambapo hayakuwa yakitajwa.

Joginder alishiriki Safari kwa mara ya mwisho mwaka 1980, akaachana na mashindano, na miaka yake ya uzeeni akaishi Uingereza. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Magazeti ya Nairobi yalichapisha tena picha zake za zamani: kilemba, ndevu, macho yaliyotulia nyuma ya kioo chenye madoa ya tope. Mashindano yenyewe wakati huo yalikuwa nje ya ubingwa wa dunia, na yasingerudi mpaka 2021, yakiwa mafupi, ya siku chache kuzunguka Naivasha, kwenye njia zilizofungwa.

Alianza Safari mara 22. Alimaliza mara 19.