Kutafuta asili ya babu au bibi aliyezaliwa Kongo kupitia intaneti

Kwanza waulize wazee: jina lake kamili, majina ya wazazi wake, kijiji, na parokia alikobatizwa. Yaandike kabla hayajasahaulika.

Kumbukumbu za wakati wa Wabelgiji, kabla ya 1960, hutumia majina ya zamani ya miji: Bukavu iliwahi kuitwa Costermansville, Kalemie iliitwa Albertville, na Lubumbashi Elisabethville. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwalazimisha watu kuacha majina ya Kikristo, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili. Tafuta yote mawili.

Tovuti ya FamilySearch ni ya bure: fungua akaunti, kisha tafuta kwa jina na mahali. Usipompata, usikate tamaa. Kumbukumbu nyingi bado ziko kwenye vitabu vya parokia tu.

Tahadhari: usiweke mtandaoni picha wala mahali anapoishi ndugu aliye hai. Unaweza kumhatarisha. Ikiwa unamtafuta ndugu mliyepotezana naye, nenda Msalaba Mwekundu. Huduma yao ya kuunganisha familia hailipiwi.